Kila Mtu na Jina Lake

Nilianza kazi ya uhasibu Masisi, mashariki mwa Kongo, mwaka 2009, nikiwa na diploma ya biashara na fedha niliyoipata Goma na mtoto wa kwanza mgongoni. Nilipewa kushika hesabu za chama kidogo cha vituo vya afya: mishahara ya wauguzi, dawa, mafuta ya jenereta, na ujira wa wapagazi waliobeba maboksi ya dawa hadi vijiji ambako hata pikipiki haifiki. Wafadhili wetu walikuwa Ulaya. Walitaka kujua kila dola imekwenda wapi, na hiyo ilikuwa haki yao. Mimi nilitaka zaidi ya hapo. Nilitaka kila aliyetoa jasho aonekane kwenye karatasi: jina, siku alizofanya kazi, kiasi alichopokea. Kwetu nyumba huchomwa pamoja na vyeti vya kuzaliwa vilivyomo. Mara nyingine orodha ya malipo ndiyo hati pekee inayoonyesha kwamba fulani alikuwapo na alifanya kazi.

Siku yangu Masisi ilianza kabla ya saa kumi na moja alfajiri. Masisi ni milimani, baridi yake inauma, na kuni zikilowa chai huchelewa. Niliwasha moto, nikachemsha maji ya watoto ya kuoga, nikatia maharage chunguni ili mama mkwe aendelee nayo. Mume wangu ni mwalimu. Kuangalia madaftari na kuwavalisha wadogo sare ilikuwa kazi yake. Bila mama mkwe nisingedumu kazini. Nalisema hili wazi, kwa sababu mwanamke mwenye ofisi husifiwa peke yake, ilhali yuko mwanamke mwingine aliyebaki nyumbani na mtoto mwenye homa.

Ofisini nilifika mapema ili nihesabu fedha kabla mtu yeyote hajaingia. Tulipokuwa hapakuwa na benki. Fedha zilitoka Goma, umbali wa kilomita zipatazo 80, kwa barabara inayogeuka tope mvua ikinyesha, na humo njiani mlikuwa na vizuizi vya kila aina ya watu wenye bunduki. Kasha letu lilikuwa na fedha za aina mbili. Noti ya dola ikichanika pembeni hata kidogo, hakuna mfanyabiashara atakayeipokea, kwa hiyo nilizikagua moja moja kwenye mwanga wa dirisha. Noti za faranga zilikuwa chakavu, nyingine zimeunganishwa kwa gundi, lakini zilipita. Mwaka 2024 dola moja ilikuwa karibu faranga 2,800, na noti kubwa kuliko zote ilikuwa ya faranga 20,000. Mshahara wa muuguzi mmoja ukilipwa kwa faranga ulikuwa furushi. Niliandika kiwango cha siku hiyo juu ya ukurasa, nikalinganisha kilichomo kashani na salio la daftari, nikatia saini. Hapo ndipo nilipofungua mlango.

Sehemu ngumu ya kazi yetu ni stakabadhi. Mwendesha pikipiki aliyempeleka mjamzito hospitalini usiku hana kitabu cha risiti. Mama aliyetuuzia kuni za kuchemshia vifaa hajui kuandika. Nimewahi kuwasikia wahasibu wa mjini wakisema malipo ya namna hiyo yaepukwe kwa kuwa hayana ushahidi. Sikubaliani nao hata kidogo. Ukiyaepuka, umemwondoa maskini kwenye biashara na kumpa tajiri mwenye mhuri. Sisi tulichapisha hati yetu ya malipo: jina, kijiji, kazi, bei, alama ya kidole gumba, na saini ya shahidi anayejua kusoma, ambaye kazi yake ni kumsomea mlipwaji kiasi hicho kwa sauti kabla hajaweka kidole. Hatua hiyo ya kusoma kwa sauti niliipigania. Mkaguzi wa kwanza aliitilia shaka, akaenda mwenyewe vijijini kuuliza, na aliporudi alizipitisha hati zote.

Baada ya Kongo kuingia OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zenye sheria za pamoja za biashara, mwaka 2012, tuliacha mpango wa zamani wa hesabu tukajifunza mpya: akaunti ya 57 fedha za kashani, 61 usafiri, 66 gharama za wafanyakazi. Nilisomea mafunzo hayo usiku, mtoto wa tatu akiwa amelala mapajani. Na kila mwezi ilikuwapo IPR, kodi ya mishahara, ambayo ilitangazwa kufikia tarehe 15 ya mwezi uliofuata. Siku hizo za mwanzo wa mwezi watoto walijua kwamba mama atachelewa. Binti yangu mkubwa alipika sombe na ugali, na sahani yangu ikafunikwa.

Walikale ni habari nyingine. Ndiyo wilaya kubwa kuliko zote za Kivu Kaskazini, zaidi ya kilomita za mraba 23,000, karibu yote msitu. Vituo vyetu vya huko nilivifikia kila robo ya mwaka. Mara ya kwanza mtoto wa pili alikuwa bado ananyonya, na Walikale kuna joto na mbu zaidi kuliko kwetu milimani. Nilimbeba hata hivyo, chandarua kikiwa cha kwanza kwenye mkoba, na wifi yangu akafuatana nami. Nilikagua madaftari ya dawa mchana na kunyonyesha katikati ya safu za tarakimu. Hakuna aliyeniona wa ajabu; wauguzi wenyewe walikuwa na watoto wao mgongoni.

Huko nilijifunza jinsi fedha inavyotembea. Kasiteriti, madini ya bati, ya mgodi wa Bisie ilibebwa na wapagazi, magunia ya kilo 50, kupita msituni hadi Njingala, kisha kwa magari hadi Kilambo, ambako ndege ndogo zilitua juu ya barabara. Zilizokuja kuchukua madini zilileta sabuni, chumvi na mafuta. Septemba 2010 Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema, na amri ile ikadumu hadi Machi 2011. Ndege zilipoacha kuja, bei zilipanda na fedha zikakauka mikononi mwa watu. Bajeti yetu ilikuwa imeandikwa kwa bei za zamani. Niliomba kila kituo kiandike bei za soko la kwao kila juma, nikazituma kwa mfadhili ukurasa kwa ukurasa, na ujira wa wapagazi ukaongezwa. Ushindi huo naupenda kuliko sifa yoyote niliyopewa kazini.

Januari 2025 vita vilifika Masisi-kati, na kabla mwezi haujaisha Goma nayo ikaanguka. Benki zikafunga milango. Sisi tulikuwa tumekwisha kukimbilia kwa ndugu. Nilibeba watoto, diski yenye hesabu na daftari la mishahara. Malipo yaliyowezekana tuliyapitisha kwenye simu. Hapo likazuka jambo la nambari za simu: wafanyakazi wa usafi, wengi wao wanawake, walikuwa wameandikishwa kwa nambari za waume zao. Nilikataa kutuma. Nilimpigia kila mmoja, wengine wakiwa kambini, hadi akapata laini kwa jina lake. Mume wangu alishika jiko muda huo wote, akiwafundisha watoto hesabu za darasani sakafuni.

Kwa baadhi yao fedha haijafika hadi leo, kwa kuwa mradi ulisimamishwa katikati. Niliambiwa nifunge mwaka na kufuta kiasi hicho. Kimebaki kwenye akaunti ya 42, madeni kwa wafanyakazi, kila mtu na jina lake na miezi anayodai, na katika kila ripoti ninayoitia saini ndicho kinachotangulia.