Jumamosi za Kusafisha Diski

Mtoto wa kaka yangu anasoma Egerton. Juzi alinijia na laptopu ambayo haijamaliza miaka miwili. "Shangazi, imejaa. Hii ni ya kuuza tu." Nilifungua pipa la taka nikakuta filamu alizozifuta tangu mwaka jana zimetulia humo, gigabaiti zaidi ya 20. Nikalimwaga pipa. Akashangaa, nami nikakasirika, maana kompyuta ndiyo anayosomea.

Hakumjua Mwalimu.

Mwalimu alistaafu kufundisha akafungua saiba ghorofani karibu na Top Market, hapa Nakuru, nami nikawa mpigachapa wake. Nilidhani ni 2001. Dada yangu anashikilia kuwa ni 2000, mwaka wa mgao wa stima, kwa kuwa anakumbuka nikirudi nyumbani mchana bila kazi. Na iwe hivyo. Harufu ndiyo nina hakika nayo: vumbi lililoingia kwenye mashine na kuungua polepole kwa joto, likachanganyika na mafuta ya chipsi ya hoteli ya chini. Januari, upepo ukivuma kutoka ziwani, Mwalimu alifunika skrini kwa leso za mkewe.

Mashine kubwa ilikuwa na diski ya gigabaiti 4, imegawanywa sehemu mbili. Humo mlilala CV za nusu ya mji, bajeti za harusi, miradi ya wanafunzi wa Njoro na ratiba za mazishi. Jumamosi jioni tulisafisha. Mabaki ya intaneti yalitangulia, kisha pipa la taka, ambalo katika Windows 98 lilijitengea asilimia 10 ya diski bila kumwuliza mtu. Hapo ndipo kazi ilipoanza. Mwalimu alivaa miwani, akafungua faili moja baada ya jingine, akasoma. CV ilikaa mwezi. Ratiba ya mazishi ilikaa mwaka mzima, kwani familia ingerudi kutaka ya kumbukumbu. Barua za kuomba kazi alizisahihisha Kiingereza kwanza, ndipo akazifuta.

"Binti, kufuta si kuchoma," aliniambia. Mashine zile zilifuta herufi ya kwanza tu ya jina la faili na kuandika kwamba nafasi ile iko wazi. Maneno yenyewe yalibaki mpaka jingine liandikwe juu yake. Kwa ujuzi huo aliokoa mradi wa mwanafunzi aliyekuja akilia. Mpangilio wa zamani wa diski, FAT16, uliipa barua ya mistari mitatu kilobaiti 32, mtoto mmoja kwenye kitanda cha watu wanane. Tulipohamia FAT32 ikatosheka na 4.

Mwisho tulipanga diski upya. Vijisanduku vya rangi vilihama kwenye skrini saa nzima na zaidi, na wateja waliokwisha kulipa wakabaki kutazama. Stima ikipotea, tunaanza tena.

Alifunga ile Januari ya ghasia za baada ya uchaguzi, akafungua Machi, lakini wateja wengine hawakurudi tena mjini. Nyaya za baharini zikafika Mombasa 2009, zikaja flashi, maduka ya kujaziwa filamu za DJ Afro, kisha simu. Saiba ikawa duka la viatu. Mwalimu alifariki kabla Nakuru haijaitwa jiji.

Mama alipotuacha mwaka huu, tulihitaji picha yake kwa ajili ya ratiba. Simu ya kaka yangu ina maelfu ya picha. Tulipekua hadi usiku: maua ya "habari za asubuhi", risiti, sahani za nyama choma, video ileile mara tano. Yake haikuonekana. Tukaitoa kwenye albamu ya karatasi.

Tangu 1 Juni 2021 Google haihifadhi tena picha bure bila kikomo. Zikipita gigabaiti 15, unalipa. Nilimwambia kaka tukae Jumamosi moja tuzipunguze. Akasema hana wakati wa kusoma takataka. Basi analipa kila mwezi, ili asilazimike kuchagua.