Miezi Mitatu Nyumbani mwa Wajapani, Mjini Hiroshima

Mji wa Hiroshima umejengwa penye mdomo wa mto Ota, mahali ambapo mto huo hugawanyika kuwa matawi sita kabla ya kuingia baharini. Kwa hiyo ni mji wa madaraja mengi, na tramu hupita juu yake tangu alfajiri. Mwaka 2023 nilikaa huko miezi mitatu katika nyumba ya jamaa moja, nipate kujifunza lugha yao. Nami kila jioni nilimfundisha binti yao Kifaransa. Wasomaji wapenzi, mgeni alalaye hotelini huiona nchi. Lakini alalaye chini ya dari la watu huwaona wenye nchi. Basi, napenda kuwasimulia niliyoyaona.

Nyumba ya Kijapani ina mpaka wake pale mlangoni. Mtu akiingia hukuta mahali padogo palipo chini kidogo ya sakafu, na hapo wote, wakubwa kwa wadogo, huvua viatu na kuvigeuza vielekee nje. Vyumbani hutandikwa mikeka minene iitwayo tatami. Usiku godoro hutandikwa juu yake, na asubuhi hukunjwa na kuwekwa kabatini. Wakati wa kuoga, mtu hujiosha kwanza kwa sabuni pembeni, ndipo aingie katika maji ya moto, kwa sababu maji yale yale ni ya jamaa nzima. Mgeni hupewa nafasi ya kwanza.

Mezani pia kuna sheria. Vijiti vya kulia havisimamishwi katika bakuli la wali, maana hivyo hufanyiwa marehemu. Wala chakula hakipokezanwi kijiti kwa kijiti, kwa kuwa ndivyo jamaa wanavyookota mifupa ya mpendwa wao baada ya maiti kuchomwa. Hivyo mtoto hufundishwa kula na, papo hapo, hufundishwa kuwaheshimu wafu.

Lugha yenyewe haiwi ngumu mdomoni mwetu. Irabu zake ni tano kama zetu, na silabi karibu zote huishia kwa irabu. Bibi wa nyumba ile, mama wa baba, mwenye miaka 84, alitamka Kiswahili vizuri kuliko Wazungu wengi niliowasikia. Yeye aliniita Sensei, yaani Mwalimu. Nami nilimwita Obaasan, kama sisi wa Katanga tunavyosema Nkambo. Sauti ile ya katikati sharti ivutwe, maana ukisema obasan kwa kifupi umemwita shangazi. Tulicheka sana kwa maneno yanayofanana kwa sauti bila kufanana kwa maana. Kwao “nani” ni “nini”. “Hana” ni ua. Na “hai” ni “ndiyo”. Nilipomweleza kwamba kwetu “hai” ni mtu asiyekufa, alifikiri kidogo, akasema, “Hilo ni jibu zuri zaidi.”

Taabu kubwa ni kuandika. Ziko herufi za sauti za aina mbili, kila aina 46, na juu yake alama 2,136 zenye asili ya China, ambazo kila mwanafunzi huwekewa azijue.

Lakini liko neno moja jepesi ambalo lina uzito kuliko alama zote hizo. Kila asubuhi atokaye husema “itte kimasu”, maana yake “naenda, nami nitarudi”. Abakiye hujibu “itte rasshai”, maana yake “nenda, urudi”. Obaasan hakukosa hata siku moja kusimama mlangoni, ingawa magoti yalimwuma. Alimngoja kila mmoja avae viatu, kisha akamjibu kwa sauti.

Siku moja alinieleza sababu. Tarehe 6 Agosti 1945 alikuwa mtoto wa miaka sita. Dada yake, mwenye miaka 13, alikwenda pamoja na wanashule wenzake kubomoa nyumba katikati ya mji, ili moto wa vita usipate njia. Mama yao alikuwa na shughuli jikoni, na yeye mdogo alikuwa akicheza. Dada aliaga mlangoni, hakuna aliyemjibu. Saa mbili na robo asubuhi bomu lilipasuka juu ya mji. Kabla ya mwaka kwisha, watu wapatao 140,000 walikuwa wamekufa. Dada hakurudi. Picha yake imo katika kabati la ibada la nyumba ile, na kila asubuhi huwekewa bakuli dogo la wali.

Nilinyamaza, kwa maana nilijua jambo ambalo yeye hakulijua. Mimi ni mzaliwa wa Likasi. Si mbali na kwetu uko mgodi wa Shinkolobwe. Mwaka 1940 Edgar Sengier, mkubwa wa Union Minière, alipeleka New York tani zaidi ya 1,000 za mawe ya mgodi ule. Tangu mwaka 1942 jeshi la Marekani liliyanunua, na sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima ilitoka humo. Wazee wetu waliyachagua mawe yale kwa mikono.

Wahenga wamesema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Je, habari hii ingemponya mama yule, au ingemwumiza? Siku mbili nilijiuliza. Mwishowe niliona kwamba haifai kula wali wa watu huku ukiwaficha jambo linalowahusu. Nikamweleza polepole, binti akinisaidia maneno.

Obaasan alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, “Waliochimba, walijua?” Nikajibu, “Hawakujua. Ilikuwa siri.” Akauliza, “Walikuwa na watoto?” Nikajibu, “Ndiyo.” Akauliza tena, “Majina yao yameandikwa wapi?” Kwa maana huko Hiroshima majina ya wafu huhifadhiwa chini ya mnara wa jiwe, na kila mwaka mengine huongezwa. Nikamwambia kwamba kwetu sijaona jiwe la namna hiyo.

Kesho yake asubuhi niliona mabakuli mawili mbele ya picha. Obaasan akasema, “Na hao pia waliaga nyumbani asubuhi.”

Nanyi wanafunzi wa Likasi na Kambove, wazee wanaokumbuka habari za mgodi ule wanapungua kila mwaka. Nendeni kwao mngali na nafasi. Ketini chini, waulizeni majina ya waliofanya kazi huko, na majina ya vijiji vyao, mkayaandike vizuri katika daftari. Daftari moja yatosha kuanza.