Kila Mwamba Ngoma Huvutia Kwake

Jioni moja, katika nyumba moja ya Kawangware, upande wa magharibi wa jiji la Nairobi, karani mmoja wa Serikali aliketi mezani na kalamu mkononi, akiandika habari za maisha ya marehemu baba yake. Mazishi yalikuwa baada ya siku mbili, na desturi ni kwamba wasifu wa marehemu usomwe mbele ya watu. Kazi hiyo alipewa yeye kwa kuwa alikuwa mzoefu wa barua na majalada katika ofisi yake ya mjini. Alipomaliza ukurasa wa kwanza aliwasomea jamaa zake. Akafika mahali palipoandikwa ya kuwa, marehemu alipokuwa mtoto mdogo, wazazi wake walihama kutoka shamba moja la kahawa la Mzungu wakaja kukaa Dagoretti.

Shangazi yake, aliyekuwa kimya tangu magharibi, akainua uso. "Mwanangu," akasema, "hatukuhama. Tulihamishwa."

Karani akajibu kwa adabu ya kuwa ndivyo baba alivyowasimulia tangu utoto wao.

"Najua," akasema shangazi. "Hakutaka ninyi mkue mkijiona watoto wa watu waliofukuzwa. Lakini mimi nilimwona mama akifagia nyumba ile asubuhi ya mwisho. Alifagia mpaka uani, naye alijua ya kuwa hatutalala pale tena. Andika na hilo."

Tofauti ya maneno hayo mawili ni silabi moja tu, lakini ndani ya silabi hiyo umo ukoo mzima. Anayehama ameamua mwenyewe; anayehamishwa ameamuliwa na mwingine. Wala marehemu hakuwa mwongo. Watu walitoka shambani, wakafika Dagoretti, wakajenga. Alilofanya ni lile linalofanywa na kila msimulizi: alichagua mahali pa kuanzia, na mahali pa kunyamaza. Alichagua kwa ajili ya watoto wake, ili waende shule vichwa vyao vikiwa juu. Tena dada yake naye alichagua, ili kazi ya mama yao isipotee.

Mfano mkubwa wa jambo hili hauko mbali na Dagoretti. Chini ya vilima vya Ngong, mahali paitwapo Karen, ipo nyumba ya mawe ambayo imekuwa makumbusho tangu mwaka 1986. Humo alikaa Bibi Karen Blixen, mwanamke wa Denmark aliyefika nchi hii mwaka 1914. Shamba lilikuwa na ekari zipatazo 6,000, na kiasi cha ekari 600 zililimwa kahawa. Kahawa haikustawi, kwa kuwa pale ni juu mno, na madeni yakazidi. Mwaka 1931 shamba likauzwa, naye akarudi kwao. Mwaka 1937 akatoa kitabu kiitwacho Out of Africa, kikasomwa duniani kote.

Kitabu hicho kimeandikwa kwa ufundi mkubwa, lakini mtu akikisoma kwa makini ataona mapengo. Bibi huyo aliolewa Mombasa mwaka 1914 na Bwana Bror von Blixen-Finecke, wakaachana mwaka 1925. Hata hivyo mume huyo haonekani katika kitabu ila kwa nadra sana. Miaka haifuatani kwa taratibu yake. Barua alizowaandikia mama yake na ndugu zake, zilizochapwa baada ya kifo chake cha mwaka 1962, zina habari nyingine: madeni, ugonjwa, ugomvi wa fedha na jamaa zake waliolimiliki shamba pamoja naye. Ni mtu yule yule na miaka ile ile. Barua ziliandikwa matatizo yakiwa bado mlangoni. Kitabu kiliandikwa Ulaya, shamba likiwa limekwisha potea, na aliyepoteza kitu hukikumbuka kwa uzuri wake. Kisha mwaka 1985 ikatoka filamu, nayo ikafanya kinyume: yale aliyoyanyamazia bibi, yaani mume na mapenzi, ndiyo yakawekwa mbele.

Katika kitabu hicho yumo kijana wa Kikuyu, Kamante Gatura. Bibi asimulia ya kuwa alimkuta mtoto huyo akichunga mbuzi, miguu yake imejaa vidonda, akajaribu kumtibu asiweze, akampeleka hospitali ya misheni ya Waskochi huko Kikuyu, akapona. Baadaye akawa mpishi hodari, hata mwana wa mfalme wa Uingereza alipokuja kula chakula katika nyumba ile mwaka 1928 alisifu upishi wake. Kamante hakujua kusoma. Mchuzi mmoja aliuita kwa radi iliyopiga mti, na mwingine kwa farasi wa kijivu aliyekufa, kwa kuwa mambo hayo yalitokea siku alipofundishwa kuupika. Hivyo kila chungu kilikuwa na habari yake, na yeye aliisoma bila herufi.

Tena bibi asimulia ya kuwa siku moja Kamante alitazama karatasi alizokuwa akiziandika, akazilinganisha na kitabu kikubwa kilichojalidiwa vizuri. Kile kilishikamana, hizi zilitawanyika, nyingine hapa nyingine pale. Akatia shaka kama zingeweza kuwa kitabu. Pengine mpishi huyo aliona jambo ambalo wasomi wengi hawalioni. Maisha yenyewe ni karatasi zilizotawanyika; anayezishona pamoja ni msimulizi, na uzi ni wake.

Zamu ya Kamante ilifika mwaka 1975. Kilichapwa Marekani kitabu cha masimulizi yake, kiitwacho Longing for Darkness. Humo mambo yamegeuka: mpishi ndiye amtazamaye bibi, na mgonjwa ndiye asimuliaye ugonjwa wake mwenyewe. Hata hivyo, aliyeyakusanya masimulizi hayo na kuyapanga pamoja na picha alikuwa Mmarekani, Bwana Peter Beard. Basi hata hapo mkono wa pili umo. Naye marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, mzaliwa wa Limuru, alikilaumu vikali kitabu cha Bibi Blixen, akisema ya kuwa sura ya Mwafrika iliyomo humo ni ya kumdhalilisha, ijapokuwa imefunikwa kwa maneno ya upendo.

Lakini haki itendeke kwa pande zote. Bibi huyo huyo aliandika ya kuwa Wakikuyu waliokaa shambani kwake, walioitwa maskwota, wengi wao walizaliwa pale na baba zao kabla yao, na kwamba huenda wao walimwona yeye ndiye skwota katika ardhi yao. Aeleza pia ya kuwa shamba lilipouzwa aliwasihi wakubwa wa Serikali mpaka watu wale wakapewa mahali pa kukaa pamoja, katika msitu wa Dagoretti. Katika kitabu chake jambo hilo ni mwisho mwema. Je, mwanamke aliyefunga mzigo asubuhi ile angelisimulia hivyo?

Karani yule wa Kawangware alijua na usimulizi wa namna ya tatu, kwa sababu ulikuwa kazi yake ya kila siku. Katika majalada ya Serikali watu wa aina hiyo mara nyingi ni hesabu: vichwa kadhaa, ng'ombe kadhaa, tarehe, sahihi. Atakaye kuona karatasi za zamani aweza kwenda katika jumba la Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, katikati ya jiji. Zina faida kubwa, kwa kuwa wino hausahau tarehe. Lakini hakuna jalada lenye safu ya kuandikia ni nani aliyefagia uwanja.

Kwa hiyo yafaa kila mwenye wazee awasikilize wakiwa hai, wala asimsikilize mmoja tu. Aulize baba, kisha aulize shangazi. Aulize aliyeondoka, na aliyebaki. Wakipishana, asifanye haraka kumwita mmoja wao mwongo. Afadhali aulize kila mmoja alikuwa akimlinda nani aliposema vile, kwa maana huko ndiko iliko nusu ya habari.

Usiku ule karani hakuchana ukurasa wake. Alikata neno moja, akaandika jingine juu yake, kisha akaongeza mistari miwili. Siku ya mazishi watu walisikia ya kuwa wazazi wa marehemu walihamishwa. Ya kuwa marehemu, kwa mapenzi aliyokuwa nayo kwa wanawe, alipenda kusema walihama. Na ya kuwa mama yake alifagia nyumba kabla ya kuiacha.

Shangazi alikuwa ameketi mstari wa mbele. Mistari hiyo iliposomwa, alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayehesabu kitu akakuta kimetimia.