Njaa ya Tumbo na Njaa ya Moyo

Napenda leo tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi hulifanyia mzaha, nalo ni kula pasipo njaa. Simkusudii mlafi anayesimangwa karamuni. Namkusudia mtu mwema, mwenye kuswali na kufunga, ambaye akipatwa na huzuni au hofu au upweke, mkono wake hukimbilia chungu. Akishakula, moyo bado una njaa ile ile.

Mimi ni mtu wa delta ya Rufiji, nimezaliwa kwenye mikoko, na sasa nasomesha watoto Kibiti. Wazee wetu wa bondeni walilima mpunga wakati wa mvua, na maji ya mto yakipwa wakapanda mahindi katika unyevu uliobaki, kilimo tukiitacho mlau. Mto ukija kwa kiasi, ghala hujaa. Ukizidi au ukipungua, watu hulala njaa. Mwaka 1974 chakula kilipopungua nchini, tulikula unga wa njano ulioletwa kutoka ng'ambo, ule tuliouita yanga. Mtoto aliyekulia katika hali hiyo hufundishwa somo moja: kikiwapo kile, kimalize, hujui kesho.

Somo hilo lilikuwa hekima kwa wakati wake. Lakini siku hizi, tangu daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003 na magari yakapita mwaka mzima, sukari, mafuta ya kupikia na soda havikosekani madukani. Somo la njaa likitumiwa penye wingi hugeuka maradhi, nasi twawaona wenzetu wanavyosumbuliwa na kisukari na shinikizo la damu. Kwa hiyo, msomaji wangu, usimcheke mtu mzima asiyeweza kubakisha wali sahanini. Huenda bado anaiogopa njaa ya utotoni.

Wazee husema, shibe mwana malevya, njaa mwana malegeza. Ni kweli, lakini njaa zenyewe ni mbili, na yafaa tuzitambue. Njaa ya tumbo huja polepole, nayo haichagui. Hata muhogo wa kuchemsha huipendeza, na mtu akishiba hutulia. Njaa ya moyo huja ghafula, nayo hutaka kitu maalumu, kitamu au chenye mafuta. Haikomi kwa shibe, na mwisho wake ni aibu.

Nikupe mfano wa mama mmoja, ambaye ameniridhia nisimulie bila ya kumtaja jina. Mwezi wa Aprili 2024 mafuriko yalifunika mashamba mengi ya Rufiji na Kibiti, na mpunga wake wote ukaenda na maji. Mwaka uliotangulia alikuwa amefiwa na mumewe. Akahamia mjini kwa bintiye, ambaye hukaanga maandazi ya kuuza. Watu walidhani atakonda. Badala yake alinenepa, na pumzi ikawa fupi.

Kumbe usiku nyumba ikilala, alikuwa akiamka, akifunua kawa, akila wali wa baridi, kisha maandazi ya biashara, akiwa amesimama gizani. Asubuhi hesabu haikutimia, na mjukuu wake wa kiume akachapwa kwa wizi asioufanya. Siku hiyo mama yule alikuja kwangu analia.

"Sheikh, nimekuwa mwizi katika nyumba ya mwanangu," aliniambia.

Nikamwuliza, "Dada yangu, unapoamka usiku, tumbo linakuuma?"

Akasema, "Hata. Nyumba ikinyamaza ndipo namkumbuka marehemu. Nikitafuna, simkumbuki."

Basi, msomaji, mtu kama huyu utamwambia nini? Ukimsomea adhabu za walafi, utamzidishia huzuni, na huzuni ndiyo inayomwamsha. Mimi nilimkumbusha habari ya Sayyidna Jaafar bin Abi Talib (R.A.), aliyeuawa katika vita vya Muuta mwaka wa 8 wa Hijra. Mtume (S.A.W.) aliamuru watu wa nyumba ya Jaafar wapikiwe chakula, kwani wamefikwa na jambo la kuwashughulisha. Na Bibi Aisha (R.A.) alikuwa akiagiza wafiwa wapikiwe talbina, yaani uji mwepesi wa shayiri, kwa kuwa alimsikia Mtume akisema kwamba huutuliza moyo wa mgonjwa na kuondoa sehemu ya huzuni.

Ona basi, dini yetu haikukana kwamba chakula kina faraja. Lakini tazama na namna yake: chakula kile kililetwa na watu, nao watu walikuwapo kikaliwa. Sisi siku za tanga twafurika na masinia, kisha twakunja majamvi na kuondoka. Siku ya nne mjane amebaki na chungu peke yake. Tukimkuta baadaye amenenepa, twasema huyu amesahau upesi. Wallahi, huenda hajasahau hata saa moja.

Mama yule alimwambia bintiye ukweli, na mjukuu akaombwa radhi. Binti akahamishia kitanda chake chumbani kwa mama, na baada ya swala ya Isha hunywa chai pamoja wakimzungumza marehemu. Nilimshauri pia aende hospitali akapime sukari, naye akaenda. Hadi leo kuna usiku huamka. Lakini huwasha taa, huketi, husema Bismillahi, hula kidogo, hulala. Hajifichi tena.

Kutokana na haya nataka ushike mambo machache. La kwanza, usijishindishe njaa kwa kutaka kupungua. Mtume (S.A.W.) alitufundisha kwamba chakula cha jioni kikiwekwa na swala ikakimiwa, tuanze na chakula; na alikataza kuunganisha saumu usiku na mchana. Njaa ya kweli ina haki yake. Anayeinyima asubuhi, usiku humdai kwa riba.

La pili, usikifanye chakula adui. Mtume hakuwa akikitia aibu chakula. Akikitamani hula, asipokitaka hukiacha. Wali wa nazi na kamba wa delta ni neema. La kuuliza kabla ya kunyoosha mkono ni hili: njaa hii ni ya tumbo au ya moyo? Ikiwa ni ya moyo, tafuta dawa yake: mtu wa kuzungumza naye, udhu na rakaa mbili, usingizi, au kulia tu.

La tatu, pumzisha mkono katikati ya chakula. Mtume alifundisha kwamba matonge machache yamtosha mwanadamu, na akitaka zaidi basi theluthi ya chakula, theluthi ya maji na theluthi ya pumzi. Wataalamu nao wasema mwili huchukua kama dakika 20 kuitambua shibe. Mwaka 1995 wataalamu wawili wa lishe wa Marekani, Evelyn Tribole na Elyse Resch, walitoa kitabu kuwafundisha watu kusikiliza njaa na shibe zao badala ya kufuata masharti ya kujikondesha. Atakayesoma adabu zetu za kula hataliona hilo kuwa geni. Ila mwenye kisukari asiache maagizo ya daktari wake.

La nne ni la wazazi. Mtoto akisema ameshiba, mwamini. Mpakulie kidogo, akitaka aongezewe, ili kisitupwe kitu. Na anayelia usimzibe mdomo kwa pipi, mwulize kinachomliza. Hapo ndipo moyo hujifunza kusema badala ya kutafuna.

Na katika mtaa wako kuna aliyefiwa mwezi uliopita. Mchukulie uji, nawe keti naye hadi aumalize. Mwenyezi Mungu atushibishe kwa halali, na azijaze nyoyo zetu kwa kumtaja Yeye. Amin.