Wanafunzi wa Havana Walipewa Data, Wakaikataa

Wasee, wengi wetu tunaijua Cuba kwa vitu viwili: sigara kubwa, na wale madaktari 100 walioletwa Kenya 2018. Mimi pia nilikuwa nimeishia hapo. Halafu 2025 nikakutana na stori ya wanafunzi wa Havana na bei ya data, na hadi leo haijanitoka.

Kwanza uelewe mambo ya simu huko yalivyo. Kampuni ni moja tu, ETECSA, na ni ya serikali. Ukikasirika hakuna laini ingine ya kuhamia. 2015 ndipo waliweka Wi-Fi kwenye bustani za miji, dola 2 kwa saa. Watu wakawa wanajazana hapo usiku, mama anaongea na mtoto wake aliye Miami, na majirani wote wanasikia. Data ya kwenye simu ilikuja Desemba 2018. Manze, 2018!

Lakini watu hawakukaa tu wakingoja. Kulikuwa na kitu kinaitwa el paquete semanal, yaani kifurushi cha wiki. Ni diski yenye karibu terabaiti nzima: filamu, series, muziki, programu za simu, mpaka matangazo ya watu wanaouza vitu. Inakopiwa, inapanda basi hadi mikoani, jamaa anakuletea nyumbani, unachagua unachotaka na unamlipa. Kama umewahi kupeleka flashi kwa duka la muvi, hiyo biashara unaijua. Tofauti ni kwamba kwa wengi wao, diski ndiyo ilikuwa intaneti yenyewe.

Usafiri nao ni hivyo hivyo. Zile gari za kizamani za Marekani ambazo watalii hupiga picha, nyingi ni matatu zao. Wanaziita almendrones. Bodi ni ya miaka ya hamsini, injini ni ya dizeli iliyotolewa kwingine, na mnabanana na watu msiowajua kwenye njia moja inayojulikana. Barabarani pia kuna maafisa wanaoitwa amarillos, kwa sababu ya sare zao za njano. Kazi yao ni kusimamisha gari la serikali lenye nafasi na kupakia watu wanaoenda upande huo. Wazia gari la kaunti likisimamishwa hapo steji likubebe! Kusema ukweli, hiyo niliipenda.

Sasa pesa. Zamani Cuba iliishi kwa sukari. 1970 walivuna tani milioni 8.5, siku hizi hawafikishi hata tani 200,000. Watalii walikuwa zaidi ya milioni 4 mwaka 2018, na 2024 walikuwa kama milioni 2.2. Madaktari wanaotumwa nje ni biashara kubwa ya serikali, na sehemu kubwa ya malipo yao inabaki kwa serikali. Marekani imewawekea vikwazo vya biashara tangu 1962. Vikwazo vinauma kweli, lakini pia nimeona vikitumiwa kufunika kila kosa la wakubwa wa huko. Oktoba 2024 mtambo mmoja wa umeme, Antonio Guiteras, ulizima na nchi nzima ikaingia giza.

Katika hali hiyo, mwisho wa Mei 2025 ETECSA ikatangaza bei mpya. Unaruhusiwa kuweka peso 360 tu kwa mwezi, unapata GB 6. Zikiisha, GB 3 za ziada ni peso 3,360. Mshahara wa chini kabisa huko ulikuwa peso 2,100 kwa mwezi. Soma hizo namba tena polepole. Lakini kama una ndugu nje ya nchi anayeweza kukununulia kwa dola, hapo mlango uko wazi. Kampuni yenyewe ilisema inahitaji pesa za kigeni za kutunza mitambo. Kwa hivyo simu yako ikawa ndoano ya kuvutia dola ya shangazi yako aliye Florida. Na kama huna shangazi, shauri yako.

Wanafunzi wa vyuo vikuu wakawaka. Kitivo cha hesabu na kompyuta cha Chuo Kikuu cha Havana kikaita mgomo wa masomo. Hii ni nchi ambayo Julai 2021 watu waliandamana, intaneti ikakatwa, na mamia wakafungwa. Hao watoto walijua vizuri sana wanacheza na nini.

Kampuni ikaja na ofa: wanafunzi pekee wanunue ile ya peso 360 mara mbili kwa mwezi. GB 12, na tovuti za masomo bila malipo.

Wakasema hapana. Walisema hawataki upendeleo wakati wazazi wao, walimu wao na majirani wamebaki na bei ile ile.

Hapo ndipo stori ilinishika shati. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilikataa kutosha. Lakini nilipokuwa ndani, najua vile ningefanya. Ningechukua hizo GB 12 saa hiyo hiyo, nipige picha ya skrini niweke kwa status, halafu mgomo ningeusikia kwa habari. Mamangu huniomba hotspot kila jioni ndiyo aongee na dadake, na mimi humwambia aharakishe. Sijawahi kufikiria bei ya data kama jambo letu sote, mimi na yeye.

Mgomo ulipoa baada ya mikutano na vitisho. Ofa ya wanafunzi ilibaki, na kwa wengine wote GB 3 zikabaki peso 3,360.

Jana mathee alipoomba hotspot, nilimwachia simu nikatoka nje.