Mshahara Niliotunziwa

Nilitoka Mufindi miaka michache baada ya kumaliza darasa la saba, nikaja Dar es Salaam kufanya kazi za ndani. Shangazi ndiye aliyenitafutia nafasi. Kwetu hilo si jambo geni. Wasichana wengi wa Iringa na Njombe wamelea watoto wa mjini kabla ya kulea wa kwao. Mama mwenye nyumba, pale Tabata, alinipokea vizuri. Alininunulia nguo, akaniambia nijisikie nyumbani, mimi ni mwanawe. Tulikubaliana mshahara wa shilingi 30,000 kwa mwezi, ila hazikufika mikononi mwangu. Alisema nikizishika nitazitapanya, kwa hiyo atanitunzia hadi siku nitakayorudi kwetu. Nilishukuru kwa moyo wote. Kama ungekuja siku zile ukaniambia hapo pana kasoro, ningekuona mchonganishi.

Kisha mama mzazi wa mwenye nyumba akapata kiharusi. Bibi aliletwa kutoka hospitali akiwa amepooza upande wa kulia, na maneno yamempotea. Hakuna aliyeniketisha kunieleza kwamba kazi imebadilika. Niliendelea kupika, kufua na kuwaandaa watoto kwenda shule, na juu ya hayo bibi akawa wangu mchana na usiku. Godoro langu likahamia sakafuni, chumbani kwake.

Aliyewahi kuuguza anajua kinachofuata. Mtu aliyepooza hawezi kujigeuza, na akilalia upande mmoja saa nyingi, nyama iliyobanwa kati ya mfupa na godoro inakosa damu. Kwenye ngozi zetu nyeusi wekundu hauonekani upesi. Unaona weusi uliokolea, ukigusa pana joto, na baada ya muda ngozi inachubuka na kidonda kinaanza kuchimba. Mimi sikuyajua hayo. Nikishalala nilikuwa siamki hadi alfajiri. Bibi akapata kidonda chini ya kiuno, nami nilipokiona nikaogopa kusema, nikakifunika kwa kitambaa. Kuna usiku nilimgeuza kwa hasira, nikamvuta ule mkono uliolegea, akaguna kwa maumivu. Niliyafanya hayo kwa mikono yangu.

Harufu ndiyo iliyonifichua. Akaitwa muuguzi mstaafu wa mtaa wa pili aje kusafisha kidonda. Nilikaa nikisubiri kugombezwa. Alipomaliza kufunga akaniuliza, "Mwanangu, wewe unalala saa ngapi?" Nilishindwa kujibu, nikaanza kulia. Hakunihoji zaidi. Alinifundisha kukunja shuka mara mbili na kulitandika chini ya bibi kuanzia mabegani hadi mapajani, nilishike karibu kabisa na mwili wake na kumgeuza kwa shuka, nisimvute mkono. Mto mmoja kati ya magoti, mwingine mgongoni, na visigino visiguse godoro. Kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Halafu akasema, "Hospitali kazi hii inafanywa kwa zamu, na kila aliye zamu analipwa. Wewe unalipwa na nani?" Nikamweleza kwamba natunziwa. Akachukua kipande cha karatasi, akaniandikia CHODAWU, chama cha wafanyakazi ambacho ni chetu pia sisi wa majumbani.

Ile karatasi nilikaa nayo muda mrefu bila kufanya chochote. Niliogopa kufukuzwa, lakini zaidi ya hapo niliogopa kumwacha bibi. Nilikuwa nimeshampenda. Tangu niache kumvuta, alikuwa akinishika vidole kwa mkono wake mzima kila nikimlisha uji. Nimekutana na wenzangu wengi baadaye, wanaolea watoto na wanaouguza wazee, na wengi wao hapo ndipo waliponaswa: unampenda unayemhudumia, unaona kudai chako ni kumsaliti.

Siku niliyotumwa Kariakoo kununua nepi za bibi, nikajikaza nikapitia chamani. Nilimkuta mama mmoja ambaye naye alianzia kwenye nyumba za watu. Aliniambia kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inanihusu na mimi: saa 45 za kawaida kwa wiki, saa 24 za kupumzika kila wiki, likizo ya siku 28 kwa mwaka. Amri ya mishahara ya 2013 ilikuwa imeweka shilingi 40,000 kuwa kima cha chini hata kwa anayelala kwa mwajiri. Nikamwambia sina karatasi yoyote ya ajira. Akanijibu kwamba mwajiri asipotoa mkataba wa maandishi, likifika kwenye shauri yeye ndiye anayepaswa kuthibitisha masharti ya kazi yalikuwa yapi. Muda wote nilikuwa nikiamini kukosa karatasi ni hatia yangu.

Mama mwenye nyumba alipopata barua ya chama aliumia. "Nimekulea, leo unanishitaki?" Yalinichoma, kwa sababu ni kweli alinilea. Tulipokaa chini, akakiri kwamba fedha zangu zilikwenda kwenye matibabu ya mama yake. Alinilipa kidogo kidogo, nyingine sikuzipata. Lakini tuliandikishana mkataba, na Jumapili nikawa napumzika, naye akajifunza kumgeuza mama yake kwa shuka. Kidonda kilifunga taratibu. Bibi alifariki baadaye, ngozi yake ikiwa salama.

Siku hizi nauguza wazee kwa mkataba, jioni narudi chumbani kwangu. Amri iliyoanza Januari 2023 ilipandisha kima cha chini hadi shilingi 60,000 kwa anayelala kwa mwajiri, na 120,000 kwa asiyelala hapo. Sitakuambia kwamba zilitosha. Mtu anayeamka kila baada ya saa mbili usiku kucha anastahili zaidi ya shilingi 2,000 kwa siku, na nyuma ya geti hakuna anayezihesabu saa zake.

Yule muuguzi hakuwa ndugu yangu, na kidonda kile kilimpa kila sababu ya kunilaani. Namshukuru Mungu kwa ajili yake. Nami nikuambie wewe unayeuguza mtu na fedha zako ziko kwa mwingine: nunua daftari, uandike tarehe uliyoanza, mliyokubaliana, na kila shilingi uliyopokea. Ukifukuzwa, usingoje hasira za bosi zipoe, kwani shauri la kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Chama kitakuonyesha njia ya kufika huko.