Kitanda cha Futi Mbili kwa Nne

Mdogo wangu wa mwisho alipozaliwa Kihesa, Iringa, mwaka 1983, hakuna mtu nyumbani aliyewaza kununua kitanda cha mtoto. Ulikuwa mwaka wa foleni. Sabuni, sukari na khanga vilipatikana kwa kubahatisha, na msako wa wahujumu uchumi ulikuwa umewatia woga hata wenye maduka waliokuwa na bidhaa halali. Usiku mtoto alilala na mama, upande wa ukutani. Mchana aliwekwa sebuleni ndani ya kikapu kipana cha milulu kilichotandikwa blanketi, karibu na mlango ulioingiza jua la asubuhi.

Sebule yenyewe naikumbuka vizuri. Sakafu ilikuwa ya saruji iliyopakwa rangi nyekundu na kusuguliwa hadi ikawa inateleza. Makochi yalikuwa ya mbao, yenye mito minene, na kila kochi lilivaa kitambaa cha kroshia chenye kingo za rangi ya chungwa. Redio nayo ilikuwa na kitambaa chake. Mama alifuma jioni, baada ya kazi zote, na mfuko wake wa nyuzi ulikuwa mmoja tu: akimaliza kitambaa cha kochi, uzi uliobaki unakuwa kofia ya mtoto, soksi, au sweta la vifungo vitatu. Ndiyo maana kikapu kile hakikuonekana kigeni pale sebuleni. Hakuna aliyekaa chini akapanga rangi. Vitu vilipatana kwa sababu vilipita mkono mmoja.

Nimelifikiria sana jambo hili tangu wadogo zangu na binti zao walipoanza kuniomba ushauri kila mmoja wao anapokaribia kujifungua. Swali lao la kwanza siku hizi ni kitanda gani kitapendeza chumbani, na mimi silioni kuwa swali la anasa. Mzazi aliyetoka hospitali anashinda na kukesha ndani ya chumba kile kile kwa wiki nyingi. Chumba kilichopangika kinampa utulivu. Kilichojaa vitu visivyo na mahali kinamchosha hata kabla mtoto hajalia. Ninachobishana nao ni pa kuanzia. Wao wanaanza na picha ya kwenye simu, mimi nataka tuanze na nyumba.

Mimi niliolewa Mbeya, na mwanangu wa kwanza alizaliwa mwaka 2006. Biashara ilikuwa imefunguliwa tangu enzi za Mzee Mwinyi, na pale Mwanjelwa ungeweza kupata kila kitu cha mtoto: mabeseni ya plastiki ya rangi zote, mashali, viti vya kulia chakula, vigari vya kusukuma, vitanda vya mtumba vilivyotoka nje. Kliniki nilipewa hati punguzo ya chandarua, ule mpango ulioanza mwaka 2004, nikaongezea fedha kidogo dukani na kutoka nacho. Tulikuwa tumepanga chumba na sebule Soweto. Chumba kilikuwa cha futi kumi kwa kumi na mbili, na ndani tayari kulikuwa na kitanda chetu cha tano kwa sita na kabati la mninga tulilopewa harusini.

Sokoni nilikwenda na mama mkwe. Tukakuta kitanda cha mtumba kizuri kwa macho, cheupe, chenye ubavu mmoja unaopanda na kushuka kwenye reli ili mama asiiname sana. Mama mkwe akaushika ule ubavu, akautikisa, ukagonga. Akaniambia taratibu, "Mwanangu, kitu kinacholegea hakina mtu, mtoto akishaingia kitakuwaje?" Tukaondoka. Miaka mitano baadaye, mwaka 2011, Marekani ikapiga marufuku kutengeneza na kuuza vitanda vya aina ile, kwa sababu ule ubavu ulikuwa ukichomoka na kuacha mwanya ambao watoto walinaswa na kufa. Vilivyokwisha kuuzwa havikutoweka duniani. Mtumba una safari ndefu, kwa hiyo ukikutana na kitanda cha namna hiyo leo, kiache, hata kikipatana na pazia lako kiasi gani.

Tukaenda kwa fundi seremala. Kwa mtu wa Nyanda za Juu Kusini, hapa ndipo penye utajiri. Ukisafiri kati ya Iringa na Mbeya unapita Mafinga, na pale mbao zimepangwa kando ya barabara kwa marundo, paini na milingoti. Shamba la miti la Sao Hill, la serikali, ambalo ndilo kubwa kuliko yote nchini, liko hapo hapo Mufindi. Mninga unatoka upande wa Chunya. Nilitaka kitanda chote kiwe cha mninga ili kifanane na kabati. Fundi akaniuliza kama nitaweza kukisogeza peke yangu nikifagia, maana mninga ni mzito, na bei yake anaijua kila mtu. Akashauri paini, mradi iwe kavu.

Akanionyesha namna ya kujua. Alichukua mbao mbili za urefu mmoja, akanipa moja kila mkono. Ile mbichi ilikuwa nzito na ya baridi kiganjani. Akainua ile kavu usawa wa jicho, akafumba jicho moja na kuitazama kuanzia ncha hadi ncha kama imenyooka. Mbao mbichi, alisema, utaipiga msumari leo, mwezi ujao imepinda na mwanya umefunguka. Kisha akaniagiza nirudi na droo ya kabati. Nikaibeba mitaani nimeifunga kitenge. Akaiweka dirishani kwenye mwanga, akachukua kipande cha paini, akakipiga msasa na kuanza kuchanganya vanishi. Mkono wa kwanza ulitoka mwekundu mno. Wa pili ulikaribia. Alipoongeza ya kahawia na kusubiri ikauke, nikashindwa kuona tofauti kati ya kipande kile na uso wa droo. Kitanda kilitoka futi mbili kwa nne, miguu mifupi, fito wima zilizosuguliwa hadi kitambaa kikipita hakinasi.

Kipimo hicho nimekuja kukipenda zaidi kadiri miaka inavyokwenda. Futi mbili kwa nne ni takribani sentimita 60 kwa 120, kipimo kinachotumika sana Ulaya kwa magodoro ya watoto, kwa hiyo godoro linapatikana bila kuungaunga, na kitanda kinaingia hata katika chumba cha kupanga. Nafasi kati ya fito na fito isizidi sentimita 6. Usipokuwa na rula, chukua kopo la soda: likipita, nafasi ni kubwa mno, mwambie fundi aongeze fito. Godoro lijae pembe zote, na liwe gumu.

Kuhusu kitanda kikae wapi, huku kwetu baridi ndiyo inayoamua. Juni na Julai, Mbeya na Iringa, ukuta wa nje usiku ni barafu. Nilikitenga kitanda na ukuta huo na dirisha, kikakaa sambamba na changu, mkono wangu ukifika. Kumbe ndivyo hata madaktari wa watoto wa Marekani wanavyoshauri: mtoto alale chumba kimoja na wazazi kwa angalau miezi 6 ya mwanzo, lakini kwenye kitanda chake. Jiko la mkaa lisiingie chumbani kabisa, hata kama makaa yameshika vizuri na hayatoi moshi. Hewa yake inaua watu waliolala.

Mwaka 2023 mtoto wa mdogo wangu alijifungua Iringa. Anakaa nyumba mpya, yenye dari la jipsamu, vigae vya kijivu na makochi makubwa ya kona. Alinitumia picha za chumba cha mtoto alichokitaka: kitanda cheupe, pazia la wavu juu yake, kuta za kitanda zimezungushiwa mito ya satini, na pembeni kigari cha kujifunzia kutembea chenye kuimba nyimbo. Nilikaa naye jioni nzima, na kwenye rangi sikumpinga. Nyumba yake ni ya kijivu na nyeupe. Kitanda cha vanishi nyekundu kingeonekana kimepotea njia. Fundi wa Iringa alimtengenezea cha paini, rangi ya mbao yenyewe, vanishi isiyo na rangi juu, kikalainisha ule ukijivu wa vigae. Cheupe kingekula muda wake wote wa kiangazi kwa vumbi letu jekundu.

Mito ndiyo niliyokataa. Marekani ilipiga marufuku uuzaji wa mito hiyo ya kuzungushia kitanda mwaka 2022, kwa kuwa mtoto mchanga akigeuzia uso hapo anaweza kukosa hewa. Kigari nacho nilikikataa. Canada imekizuia kisiuzwe tangu mwaka 2004 kwa sababu ya watoto walioporomoka nacho ngazi, na nyumba yake ina ngazi tatu za kushukia jikoni. Badala yake tulinunua zulia nene la kufunika vigae vya baridi, mtoto atambae, na vikapu viwili vya milulu kutoka kwa akina mama wa Kihehe, kimoja cha nepi, kingine cha midoli. Vimekaa kwenye chumba kile cha kisasa bila ugomvi wowote. Mafundi wenye ulemavu wa Neema Crafts, kituo kilichoanza mwaka 2003 hapo hapo mjini, wanafuma vitambaa vya mkono, na mtu anayetaka rangi ya kuunganisha chumba hana haja ya kusubiri mzigo kutoka China.

Malori ya mbao yanatupita kila siku yakielekea Dar es Salaam, nasi tunapanga foleni madukani kununua vitanda vya mbao za unga vinavyovimba vikipata maji. Ndugu msomaji wa Mbeya, Iringa, Mafinga au Makambako, ukitarajia mtoto, pima chumba chako wiki hii, chomoa droo ya kabati, beba kopo la soda, na uende kwa fundi mapema, walau miezi miwili kabla, ili mbao ipate muda wa kukauka na vanishi iishe harufu.